Nilisikia Mwano Nikaendelea Kufunga Mizigo

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, ni Alhamisi moja kule upande wa Nyarugusu. Jua lilikuwa limeshapanda, mimi nimepiga magoti juu ya turubai nafunga mizigo, maana kesho yake tulikuwa tunahama. Nilikuwa na miaka ishirini. Nina mume, sina mtoto, na nilijiona hakuna mwanamke wa kunishinda kwa kuhama.

Usicheke. Kuhama nako ni kazi, na mimi nilikuwa naijua. Babu yako Masanja alinioa kwetu, nje kidogo ya Shinyanga. Baba akapokea ng'ombe wake, na wiki ya tatu tu tukapanda lori la pamba kwenda kutafuta dhahabu. Wakati ule ikisikika rashi, yaani dhahabu imeonekana mahali na watu wanakimbilia, mwanamume alikuwa anaacha hata ugali wake kwenye sahani. Mnakaa hapa miezi miwili, mnaambiwa imekwisha, imeonekana kule. Ndani ya mwaka na nusu tulihama mara saba. Nyumba yetu ilikuwa nguzo nne na turubai. Ndani mna godoro, sufuria mbili, ndoo, jembe, na nguo zetu zote kwenye shuka moja. Nilikuwa naweza kubomoa, kukunja na kufunga kabla dereva wa lori hajamaliza chai yake. Masanja alikuwa ananisifia kwa wenzake: "Mke wangu ukimwambia twende, anakuuliza tu lori liko wapi." Na mimi nikisikia hivyo kichwa kinavimba.

Sasa hapo ndipo ujinga ulipoingia. Nilianza kujiambia, kama naondoka, ya nini? Ya nini kupanda mchicha wakati atakula mwingine? Ya nini kujua watu wakati mwezi ujao sitawaona? Hata nguo sikuzitoa kwenye shuka. Nilikuwa nachomoa gauni, navaa, nafua, narudisha, nafunga fundo.

Tulipofika Nyarugusu, siku ile ile ya kwanza alikuja mama mmoja wa makamo, anaitwa Mama Kulwa, alikuwa anauza mihogo ya kuchemsha hatua chache kutoka kwetu. Alikuja na kaa la moto kwenye kigae, ili niwashe jiko langu nisihangaike na kiberiti.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mayo. Wewe ni ng'wana nani?"

Mayo ni mama. Kwetu Usukumani mwanamke anaulizwa hivyo, yeye ni binti wa nani, na ukitaja jina la baba yako watu wanajua pa kukuweka. Ilikuwa niseme tu, mimi ni ng'wana Luhende, mume wangu ni Masanja. Maneno hayo hayachoshi mdomo. Unajua nilimjibu nini?

"Mimi ni mpita njia tu, mama."

Akaniangalia. Akaweka kaa lake chini. "Haya, mpita njia," akasema, akaondoka. Kuanzia siku hiyo wanawake wa pale wakaniita hivyo hivyo. Nikipita na ndoo: "Mpita njia, maji yapo?" Wanacheka. Mimi nikaona sawa tu, kwani uongo?

Nilikaa pale wiki sita. Msiba ulitokea nyumba ya nne kutoka kwangu, wanawake wakabeba maji na kuni kwenda kwa wafiwa. Mimi nilikaa kwangu nachambua mchele. Mungu anisamehe.

Turudi kwenye Alhamisi yangu. Asubuhi ile Masanja aliniambia duara alilokuwa anachimba halina kitu tena. Duara ni lile shimo la kuingilia chini. Akasema kuna rafiki yake amempatia nafasi ya siku moja kwenye duara jingine, karibu na mashine ya kusaga mawe, akachimbe mara ya mwisho halafu kesho tuondoke. Akanywa uji, akavaa ndara zake nyekundu, akaenda. Alikotoka hawakujua alikokwenda. Alikokwenda hakuna aliyemjua zaidi ya yule rafiki mmoja.

Kwenye saa nne hivi nikasikia mwano.

Wewe umekulia mjini, labda huujui. Mwano ni yowe la hatari. Kwetu ukiusikia unaacha ulichoshika, hata kama una unga mikononi, unakimbia unakotokea. Mtu asiyeitikia mwano anaonekana mchawi au anaonekana mwizi. Mimi nimelelewa na mwano, mwanangu. Baba yangu alikuwa anatoka nao mbio na kiatu kimoja. Lakini siku ile niliinua kichwa, nikasikiliza, nikaona watu wanakimbilia kule kwenye mashimo, nikajisemea: ya kwao hayo, mimi kesho sipo. Nikavuta kamba, nikakaza fundo.

Hata akili haikunituma kwamba mume wangu yuko huko. Mtu akishazoea kusema "ya kwao", anasahau na yake iko katikati.

Baada ya muda akapita mwanamke mmoja anarudi, anasimulia kwa sauti kwamba duara limeshuka, lakini wamshukuru Mungu, watu wote watatu wametolewa, mmoja hana fahamu amepelekwa zahanati. Nikasema moyoni, afadhali. Nikaanza kukunja godoro.

Ndipo akaja Mama Kulwa. Hakuja kwa wema. Alikuja amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka, amekasirika.

"Wewe mwanamke, wewe! Huna masikio?"

"Ninayo, mama."

"Umesikia mwano?"

"Nimesikia. Lakini sisi kesho tunahama."

"Kesho! Na leo uko wapi? Leo uko mbinguni?" Akapiga makofi mara moja, pa. "Kambi nzima iko kule, watoto wako kule, vilema wako kule, wewe umekaa unakunja godoro! Na huyo mumeo naye yuko wapi, amelala humo ndani?"

"Hapana. Yuko kazini."

"Kazini wapi?"

"Amehama duara leo asubuhi. Yuko kwenye lile la karibu na mashine."

Hasira ikamtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaniuliza taratibu, "Lile lililoshuka?"

Tayari alikuwa amenishika mkono ananivuta, na mimi namfuata mbio. Alikuwa anakimbia huku anapiga mwano upya, mama mzima yule na mwili wake, anapiga kelele: "Bado mmoja! Bado mmoja yuko chini!"

Tulipofika, wanaume walikuwa wanakusanya kamba zao. Msimamizi wa duara akasema, "Mama, tulia. Watu wangu nimewahesabu. Wametoka wote."

"Umewahesabu unaowajua!" Mama Kulwa akamjibu. "Na usiowajua nani atawahesabu?"

Msimamizi akanigeukia. "Mumeo anaitwa nani?"

"Masanja."

"Mimi sina Masanja hapa."

Na hakuwa anadanganya. Yule rafiki aliyempa nafasi ndiye huyo aliyepelekwa zahanati hana fahamu. Wale wengine wawili walikuwa upande mwingine wa shimo, hawakumwona akiingia. Hapakubaki mtu wa kusema kulikuwa na wa nne. Nikasimama pale mbele ya watu wanaoniita mpita njia, nawaomba wachimbe tena kwenye udongo ambao bado unamwagika, kwa ajili ya mtu ambaye kwao hayupo. Nani angekubali? Mmoja akanong'ona kwamba labda mume wangu amekwenda zake sokoni. Mwingine akasema, "Labda amemkimbia." Wakacheka kidogo. Sikuwalaumu.

Mama Kulwa akaniuliza, "Alivaa nini?"

"Kaptula ya kaki. Na ndara nyekundu."

Mchimbaji haingii na ndara chini. Anazivua anaziacha mdomoni mwa shimo. Watu wote wakageuka kutazama chini, na zilikuwa pale, ndara nyekundu mbili, zimepangwa vizuri kando ya nguzo kama za mtu aliyeingia kusali. Tangu asubuhi walikuwa wanaziruka.

Hakuna aliyecheka tena. Wakavua mashati. Walichimba kwa sululu, wakatoa udongo kwa karai, wanawake wakapanga mstari wanapokezana maji, na mimi nikiwa kwenye mstari huo huo, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mama Kulwa alinisimamisha mbele yake. Kila mikono yangu ikilegea alikuwa ananisukuma mgongoni: "Pokea. Pokea, mayo." Mchana kijana mmoja akainua mkono watu wanyamaze, akasema anasikia jiwe linagongwa. Alasiri wakamtoa babu yako. Mweupe kwa vumbi, mguu wa kushoto umesagika, anaomba maji.

Hatukuhama kesho yake. Tulikaa pale miezi mitano, mguu ukipona. Na unajua nani alikuwa ananiletea kuni? Wale wale. Wale wafiwa wa nyumba ya nne walileta uji siku ya pili, na mimi nilishindwa kuwatazama usoni.

Nilimfuata Mama Kulwa kumshukuru. Nikapiga magoti, nikaanza kulia. Alikuwa anamenya mihogo, hakuacha.

"Usinishukuru," akasema. "Mimi sikuja kukuokoa, nilikuja kukugombeza. Hasira yangu ndiyo iliyomtoa mumeo. Ningekuwa mtu mpole angekufa." Akanipa kisu cha pili nimsaidie kumenya. "Sikiliza. Kuhama siyo kosa. Mimi nimehama mpaka nimesahau kuhesabu. Lakini nikifika mahali nafika. Wewe ulileta mizigo tu, mwenyewe hukufika."

Tukamenya. Baadaye akauliza tena, kama vile siku ya kwanza, "Haya, wewe ni ng'wana nani?" Safari hii nikamwambia.

Babu yako yupo hadi leo, anachechemea na kukataa fimbo, unamjua. Na baada ya hapo tulihama tena mara kumi na moja. Kwa hiyo usifikiri nakwambia ukae sehemu moja. Mumeo anaendesha greda, barabara ikiisha kujengwa mnahamia nyingine, hiyo ndiyo riziki yenu na siyo aibu. Shinyanga mmekaa, Kahama mmekaa, sasa Geita. Mimi najivunia kuwa na mjukuu aliyeiona nchi.

Lakini nilikuja kwenu Kalangalala mwezi uliopita, nikashuka kwenye bodaboda nisijue nyumba ni ipi. Nikauliza dukani, mlango wa pili tu kutoka kwenu: Neema anakaa wapi? Mwenye duka akasema hamjui Neema. Nikamwambia ana mimba ya miezi saba. "Aa, yule wa chumba cha nyuma! Yule hasalimii, bibi." Mwanangu, uso uliniwaka. Nikaingia ndani nikakuta maboksi bado yamefungwa na gundi yake, miezi mitatu tangu mhamie. Nilipokuuliza ukanijibu, "Bibi, nina watu wengi kwenye simu." Hao wa kwenye simu, yupi kati yao anajua mlango wako unaangalia upande gani? Mumeo anaondoka alfajiri anarudi giza limeingia, siku nyingine analala huko huko kwenye mitambo. Uchungu ukikushika saa nane mchana, yule wa dukani atajua yupo mtu chumba cha nyuma anayehitaji kubebwa?

Sasa mnasema mnahamia Ushirombo kabla hujajifungua. Nendeni. Ila mkifika, kabla ya kupanga kitanda, nenda kulia, nenda kushoto, sema: shikamoo, mimi ni Neema, mume wangu ni fulani, kazi yake ni greda, mimba yangu ni ya miezi minane. Waambie hivyo hivyo. Usione haya kujitangaza, wewe siyo mwizi. Fungua maboksi hata kama mtakaa wiki tatu. Kukiwa na msiba, beba ndoo ya maji uende, ukae na wenzako hata kama humjui marehemu. Ukisikia kelele, toka mlangoni uulize kuna nini. Na mumeo mwambie, akihamishiwa kazi sehemu nyingine, hata ya siku moja, aache jina lake kwa mtu. Namwambia na yeye, asome hapa.

Mengine ya maisha ya ndoa mtajifunza wenyewe, mimi siyajui yote. Hili nalijua kwa mguu wa babu yako.

Mungu awatangulie njiani, Neema wangu, na Mama Maria akushike mkono. Akujalie mtoto anayelia kwa nguvu. Na siku yako ikifika, huko mtakakokuwa, jirani awe ameshaingia ndani kabla hujamaliza kumwita.