Kanda ya Pili ya Mahurunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa laini, chupa ndogo ya spiriti na deki ya video iliyofunguliwa mfuniko. Fundi Mitambo, mtu mnene aliyeitwa Daudi, alinionyesha kipande cha chuma kinachozunguka ndani, kile ambacho wenyewe wanakiita hedi na ambacho ndicho kinachosoma kanda. Akasema nikisugue taratibu, kwa upande mmoja tu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi mitatu kabla. Nikamuuliza kwa nini upande mmoja.

"Ukienda na kurudi utakiharibu."

"Umewahi kuona kimeharibika?"

Alinitazama. "Dada, wewe utatuchosha."

Niliwachosha kweli, na sasa nimechoka mimi. Nina miaka thelathini na sita, umri ambao wenzangu ndiyo kwanza wanapanda vyeo, lakini kitengo chetu kimefungwa, gari limekwenda, na barua yangu inasema nimestaafishwa. Vijana wa chuo wameniomba nieleze kazi ile ilivyofanyika miaka ya tisini mwishoni na elfu mbili mwanzoni. Nitaeleza. Ila sehemu kubwa itamhusu mvushaji mmoja wa mto Ruvuma, ambaye nilimharibia jina lake kwa utaratibu nilioubuni mwenyewe, nikiwa na hakika kabisa kwamba naboresha kazi.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili Mtwara mjini. Tulizunguka vijijini kuonyesha michezo ya video iliyotengenezwa na kitengo, kisha tukasikiliza watu wanasema nini. Tulionyesha mchana, ndani ya maghala ya korosho yaliyokuwa matupu, madirisha tumeyaziba kwa turubai. Fundi Daudi aliweka jenereta mbali kadiri waya ulivyofika ili kelele zisimeze maneno. Cheo changu kilikuwa Mwandishi wa Maoni. Nilisimama mbele na fomu ya kurasa mbili, nikauliza, nikaandika.

Mkuu wa Kitengo alikuwa mwalimu wa zamani kutoka Masasi, mfupi, mvaaji wa kaunda suti hata kwenye jua la saa saba. Alisoma kila fomu kwa penseli mkononi. Aliponirudishia ya kwanza alikuwa ameifuta nusu nzima.

"Hapa umeandika watazamaji walihamasika," alisema. "Nani alisema nimehamasika?"

"Hakuna aliyesema hivyo, Mkuu. Nilivyowaona."

"Andika walichosema. Ulichotaka waseme kiache nyumbani."

Nilimwona mtu wa zamani. Mimi nilikuwa naamini kwamba mtu anaweza kufundishwa kufikiri, ikiwa tu atapewa muda wa kutosha.

Mchezo uliotuzungusha kuliko yote ulikuwa wa kanda mbili. Mfanyabiashara anapanda mtumbwi alfajiri kuvuka Ruvuma na hafiki ng'ambo. Siku tatu baadaye mvushaji anaonekana amevaa saa ya yule mtu. Hajitetei. Akiulizwa, anatazama maji. Kanda ya kwanza inaishia hapo, kijiji kizima kimeshamhukumu. Kwenye kanda ya pili watu wamekaa kwenye arobaini ya marehemu, wali umepakuliwa, na marehemu mwenyewe anaingia kwa miguu yake. Alikuwa ameikimbia familia, akamwapisha mvushaji asiseme, akampa saa iwe ushahidi wa kiapo. Lengo lilikuwa kuwazoesha watu wasikilize kabla ya kuhukumu, maana miaka ile mtu alikuwa akiitiwa mwizi sokoni anakufa kabla hajataja jina lake.

Utaratibu wetu uliitwa kukata. Kanda ya kwanza ikiisha, Fundi alizima runinga, nami nikauliza: nani kafanya? Watu walibishana nusu saa, wakanywa maji, ndipo tukaweka ya pili.

Kijijini Mpapura, marehemu alipoingia kwenye arobaini yake, wanawake walicheka mpaka mmoja akatoka nje kujipepea. "Mimi nilijua toka alipoaga," akaniambia. "Mwanaume anayekwenda safari ya siku mbili habebi viatu vya sikukuu." Mwenzake akamdakia: "Ulijua na mbona ulikuwa unalia?" Wanaume wao walikasirika. Walitaka kujua mtu yule ataadhibiwa lini, na nilipowaambia mchezo umekwisha, waliona mimi ndiye niliyemwachia.

Mikindani ilikuwa vita nyingine. Mwalimu mmoja alisimama akasema tumewadanganya, ushahidi wa viatu haukuonyeshwa sawasawa. Seremala aliyekaa nyuma yake akasema, "Mwalimu, hukudanganywa. Ulikuwa unasahihisha kabla hujasoma." Wakadai kanda irudishwe nyuma. Fundi akairudisha. Viatu vilikuwepo, mkononi, wazi kabisa. Mwalimu akasema picha haikuwa nzuri.

Niliporudi ofisini nilikuwa nimewaka. Nilimwambia Mkuu kwamba nusu saa ni ubishi tu, si fikra. Tukate kwa wiki mbili. Watu waende nyumbani na swali, walale nalo, waulizane shambani, ndipo tuwarudie na jibu.

"Utawaacha na nusu ya habari," alisema.

"Nusu ya habari ndiyo inayomfanya mtu afikiri, Mkuu."

Alizungusha penseli yake. "Na asipofikiri?"

Niliongea sana badala ya kujibu. Mwishowe akakubali, kwa kijiji kimoja cha majaribio. Nilichagua Mahurunga, kwa sababu mchezo tuliupigia picha pale na mvushaji wa kwenye mchezo alikuwa mvushaji wa kweli wa pale pale. Niliona watazamaji watamsamehe haraka mtu wanayemjua.

Aliitwa Mzee Bakari. Mkuu alimchagua kwa sababu alijua kusukuma mtumbwi na hakuiogopa kamera. Alikubali bila kuuliza malipo, jambo lililonishangaza. Aliomba tu asomewe mchezo wote hadi mwisho. Nilimsomea mimi, tumekaa juu ya mtumbwi wake uliovutwa nchi kavu. Nilipofika kwenye arobaini alisema, "Rudia hapo." Nikarudia.

Tulikwenda Mahurunga mwezi wa kwanza, korosho zikiwa zimeshatoka ghalani. Watu walipomwona Mzee Bakari ndani ya runinga walipiga vigelegele. "Mzee Bakari, kumbe unajua kuvaa shati." Kisha ikaja saa ya marehemu mkononi mwake, na ghala likanyamaza. Nimesimama mbele ya watazamaji wengi, najua kimya cha kusubiri na kimya cha kuchoka. Kile sikukijua. Niliuliza nani kafanya. Watu walitazama chini. Mama mmoja mzee aliyekaa mstari wa mbele, Bi Somoe, alikunja mkeka wake akaondoka. Kwenye fomu niliandika: watazamaji walikuwa katika tafakuri nzito.

Mzee Bakari alinifuata kwenye gari. "Ile nyingine mnaweka sasa hivi?"

"Baada ya wiki mbili, mzee."

"Leo haiwezekani?"

"Nataka wafikiri kwanza."

Alishika mlango wa gari kwa muda. "Watafikiri, mwanangu," alisema.

Wiki mbili hazikuwa wiki mbili. Mvua zilikata barabara, na njia ilipopatikana giaboksi ikafa, tukasubiri kifaa. Nilikumbushia mara mbili kwa barua. Nikaacha. Tulirudi mwezi wa sita.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mtumbwi wa Mzee Bakari, umepinduliwa ukingoni, majani yameota kuuzunguka mpaka ubavuni. Mwenyekiti wa Kijiji ndiye aliyetueleza kile ambacho tungeuliza mapema tungeambiwa. Miaka mitatu kabla ya mchezo, mtumbwi ule ulipinduka katikati ya mto. Mzee Bakari alifika ukingoni. Abiria wake, Salumu, mtoto wa pekee wa Bi Somoe, hakufika, wala mwili haukuonekana. Watu walisema ni ajali. Labda si wote waliiamini, lakini waliendelea kupanda.

"Ndipo mkaja na saa yenu," Mwenyekiti alisema. "Sasa wanatembea mpaka kivuko cha chini, mwendo wa asubuhi nzima. Hakuna aliyemfukuza. Hawampandii tu."

"Lakini Salumu alikuwa na saa?"

"Hakuwa na saa. Wewe umesoma, utuambie inakuwaje."

Nilikwenda kwa Mzee Bakari. Alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni kwake na alikuwa amekonda. Nilimwomba radhi kwa maneno mengi, akanisubiri nimalize.

"Unajua kwa nini nilikubali kucheza?" aliuliza. "Kwa ajili ya kanda ya pili. Nilitaka watu wakae pamoja, wanione nimesafishwa. Hata kama ni mchezo. Mmeileta?"

"Tumeileta."

"Basi nivae shati."

Ghala lilijaa. Fundi Daudi alisafisha hedi mara mbili, nami sikumuuliza chochote. Arobaini ikaja, wali ukapakuliwa, marehemu akaingia. Hakuna aliyecheka. Nyuma kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Wameitengeneza hii juzi, kumsafisha." Mwingine akasema, "Huoni nguo ni zile zile?" Mzee Bakari alikaa wima karibu na mlango, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, anawatazama watu badala ya runinga.

Bi Somoe akasimama.

"Bakari," alisema. Hakumwita mzee, walikuwa rika moja. "Yule ulimficha kwa sababu alikuapisha?"

"Ule ni mchezo, Somoe."

"Najua ni mchezo. Sijawa mjinga. Nakuuliza wangu. Kama alikuapisha, mimi mama yake nakufungua kiapo. Niambie yuko wapi. Sitamfuata. Nijue tu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichowaletea. Kanda ya kwanza ilikuwa imemwambia mwanawe aliuawa. Ya pili ilimwambia labda anaishi. Nilikuwa nimemrejeshea mama yule msiba wake kwa mafungu mawili, kati yake nikaweka miezi mitano.

Mzee Bakari alikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema ndiyo, yuko ng'ambo, ana watoto, anakusalimu. Jina lake lingerudi siku ile ile, na ningeandika kwenye fomu kwamba mafanikio ni makubwa. Nilimwona akiifikiria. Au nadhani nilimwona.

"Yuko mtoni, Somoe," alisema. "Tulipopinduka nilimshika mkono. Sikuwahi kusema, maana ungeniuliza kwa nini nilimwachia."

"Kwa nini ulimwachia?"

"Mkono ulichoka."

Jenereta iliendelea kunguruma huko nje. Fundi hakujua aizime au aiache. Kisha watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Kuna waliosema amekiri. Kuna waliosema hakuna cha kukiri, maji yale nani hayajui. Yule kijana wa nyuma akataka kujua iwapo kuna kanda ya tatu. Nilikuwa na fomu mkononi na kalamu haikusogea.

Bi Somoe alingoja kelele zipungue. "Kesho asubuhi unipeleke pale," akamwambia.

"Mtumbwi umekauka. Utavuja."

"Basi anza kuuloweka leo."

Asubuhi ukingo wote ulijaa watu, wamesimama mbali na maji kana kwamba ni wao watakaolowa. Bi Somoe alipanda akiwa ameshika kata ya kukombea maji. Nilimsikia Mzee Bakari akimwambia, "Kaa katikati," naye akajibu, "Nakaa ninapotaka, mtumbwi wenyewe unavuja." Alikaa katikati. Walikwenda hadi kati ya mto, wakasimama huko muda ambao sikuupima kwa saa. Hawakuvuka. Waliporudi, nguo zao zilikuwa zimelowa hadi magotini na Bi Somoe alikuwa bado anakomba maji. Alishuka, akapita katikati ya watu, akaenda zake nyumbani.

Mkuu wa Kitengo alisoma fomu ya Mahurunga akiwa amesimama. Chini ya swali la watazamaji wameelewa nini nilikuwa nimeandika mstari mmoja: Bi Somoe alipanda mtumbwi.

"Haya ni maoni?"

"Sina mengine, Mkuu. Sijui wameelewa nini. Sijui hata kama wamemsamehe."

Alitafuta pa kufuta kwa penseli yake, akakosa. Akatia sahihi. Hatukukata tena kwa wiki mbili, wala kwa nusu saa. Tulionyesha kanda zote mfululizo hadi kitengo kilipofungwa, na watu waliendelea kukasirika, kucheka na kudai tumewadanganya.

Vijana walioniomba niandike wanataka nimalizie kwa ushauri. Ninao mmoja na ni mdogo. Kabla hujamwonyesha mtu hadithi ya mto, muulize mto wake umewahi kufanya nini. Swali hilo ningeweza kuliuliza siku ile nimekaa juu ya mtumbwi, mzee aliponiambia nirudie. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, nilirudia tu.

Mwaka jana nilipita Mahurunga kwa shughuli nyingine. Mzee Bakari ameacha kuvusha, mabega yanamuuma. Nilimuuliza ilichukua muda gani watu kurudi. Alisema baadhi walirudi mwezi ule ule, baadhi msimu uliofuata, na wapo waliotembea mpaka kivuko cha chini hadi siku alipoacha.

"Na Bi Somoe?"

"Huyo alikuwa akija kila Ijumaa mpaka alipofariki," alisema. "Alikuwa havuki. Ananiambia nimpeleke pale, anakaa, tunarudi. Nikichoka kupiga kafi ananiambia nipumzike."

Sikuwa na fomu. Nilitamani kumuuliza kitu kingine, nikakaa naye tu mpaka gari likaja.