Mkono wa Kulia wa Mzee Lusajo

Sikuwa na shahada. Sikuwa na gari, sikuwa na suti ya kumfikia Harrison, katibu wa chama chetu, wala sikuwa na picha hata moja ya baba yangu.

Nilichokuwa nacho ni cheti cha masomo ya jioni, nilichokipata Woolwich nikiwa na miaka hamsini na mbili, na magoti mabovu. Miaka ishirini na sita nilisukuma vitanda vya wagonjwa katika jiji hili la London.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tano, baba yangu, aliyefariki mwaka 1989, akaniletea bahasha.

Msicheke. Jina lake lilikuwa juu ya karatasi: Lusajo, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, Burma, 1944. Nakala za kurasa tatu za faili lake la jeshini. Nilikuwa nimeziomba serikalini hadi nikakata tamaa.

Baba alirudi kutoka vitani na vidole viwili tu mkono wa kulia. Kwetu Rungwe wakasema alijipiga risasi mwenyewe ili arudishwe nyumbani. Shuleni wenzangu waliniinulia vidole viwili badala ya kunisalimu.

Nilimwonea aibu. Niliondoka nikiwa na miaka kumi na tisa bila kumuuliza kitu. Alipofariki sikwenda kumzika. Nilisema nimekosa nauli.

Nauli ilikuwepo.

Sasa mdogo wangu Gaudensia, aliyebaki nyumbani, alikuwa anamjengea kaburi. Akanipigia simu.

"Kaka, ukoo unataka tuandike jina tu. Neno askari wamelikataa, wanasema tutajichekesha. Fundi anasubiri. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia amzuie fundi kwanza.

Hapa Thamesmead sisi wa Rungwe tuna chama cha kuzikana. Katibu ni Harrison. Muulize habari za figo, atakujibu. Muulize habari za bunge, atakujibu. Ukinyamaza, atakujibu pia. Baba yake, Mzee Lusekelo, alikuwa Burma pamoja na baba yangu, na hakuna sherehe tuliyokula bila kusimuliwa jinsi Lusekelo alivyotoka msituni peke yake, ana homa, na risasi pajani.

Kosa langu ni kwenda na bahasha kikaoni.

Harrison aliichukua kwa zile adabu zake za dukani, akavaa miwani, akasimama. Hakufika mbali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na herufi tatu: S.I.W.

"Kaka Ulimboka, pole," akasema kwa sauti ya mtu asiye na pole. "Hivi ni vifupisho vya madaktari wa jeshi. Maana yake ni jeraha la kujitia mwenyewe. Serikali yenyewe imeandika. Mwambie dada aandike jina tu, yaishe."

Watu wakatazama sahani zao. Mmoja akageuza kicheko kikohozi.

Nikachukua karatasi zangu, nikapanda basi.

Jumatatu nikaenda maktaba. Herufi, Harrison alizisoma sawa. Kosa lake lilikuwa la mtu ambaye hajawahi kusukuma kitanda.

Faili hutembea na mgonjwa. Daktari wa kwanza anamkuta katikati ya damu na makelele, anaandika anachohofia. Wa pili anaosha kidonda. Wa tatu ndiye anayekaa chini na kuuliza. Nimepeleka watu walioandikwa ugonjwa wa moyo mlangoni, wakatoka ghorofa ya nne na vijiwe vya nyongo. Kila msukuma kitanda anajua: ukitaka kumjua mgonjwa, funua karatasi ya mwisho.

Halafu baada ya zile herufi tatu palikuwa na alama ya kuuliza. Katibu wetu aliimeza.

Nilikaa na orodha ya vifupisho siku nne. Ukurasa wa pili, S.I.W. imekatwa kwa mstari, sahihi ya daktari pembeni. Juu yake G.S.W., jeraha la risasi, basi. Chini yake maneno kamili: ngozi haina weusi wa baruti.

Yaani risasi ilitoka mbali. Anayejipiga mkono hajipigi kutoka mbali.

Ukurasa wa tatu ulikuwa mwandiko wa kuku. Niliusoma mara sita. Alipigwa akiwa amembeba mgongoni askari mwenye malaria kali. Risasi ilipita kwenye mkono, ikaishia kwenye paja la aliyebebwa. Aliyebebwa yu hai.

Jina lake lilikuwepo pia.

Lusekelo.

Nilimwita Harrison kwangu. Nilimpa chai na ule ukurasa. Akasoma. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee aliniambia alitoka peke yake," akasema mwishowe.

"Peke yake, mgongoni mwa mtu," nikamjibu. "Hiyo ni 1944. Wewe umezaliwa 1950. Hesabu unaijua, katibu."

Akaurudia ukurasa toka juu, kidole mstari kwa mstari.

Ukoo wetu hauamini simu, unaamini karatasi yenye sahihi. Nikaandika barua: andikeni askari. Nikamsukumia Harrison kalamu, asaini kama shahidi na kama mtoto wa Lusekelo. Akauliza asaini wapi. Mjuzi wa yote, anauliza asaini wapi.

Alipoondoka niliongeza mistari miwili, na hiyo sikumwonyesha mtu wa huku. Kwamba nauli ilikuwepo. Kwamba mwanawe hakuuliza.

Ndugu msomaji, Harrison namdharau kwa kusoma ukurasa mmoja kati ya mitatu. Lakini yeye alisoma mmoja. Mimi niliishi na faili zima nyumba moja miaka kumi na tisa, sikufunua hata jalada. Kama mzee wako bado anapumua, muulize leo, hata akikufokea.

Nikaifunga bahasha, nikaibana gundi kwa kidole gumba. Binti wa posta akauliza ndani mna nini. Nikamwambia karatasi. Akagonga muhuri, nami nikasimama pale pale mpaka alipoitia kwenye gunia.