Njiwa wa Odilon Hajarudi

Odilon Staquet, mstaafu wa kiwanda cha chuma pale Jumet, Ubelgiji, shingo ilimkakamaa kwa miaka arobaini ya kukaa uani kila Jumapili akitazama juu, akingoja njiwa wake wa mashindano ya kuruka warudi nyumbani. Alichoka zamani, lakini njiwa anajua nini? Watu wa filamu ya vichekesho walimrekodi akimngoja mmoja aliyechelewa.

Siku ya kuonyeshwa filamu hiyo, ukumbi ulivunjika mbavu. Yeye na wafuga njiwa wenzake, safu ya nyuma, walilikodolea macho tu lile anga la kwenye skrini. Taa zikawashwa, watu wakatoka, wao wakabaki vitini.

“Mzee Odilon, nendeni nyumbani, filamu imekwisha,” alisema mfagiaji.

“Imekwishaje, na njiwa hajarudi?”