Nani Alikunywa Esanse ya Maman Nsimire

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha usikie. Mambo hii ilinifikia mimi mwenyewe, sikuambiwa na mutu. Na usifikiri ilikuwa usiku, na pombe mu kichwa. Ilikuwa saa tisa ya muchana, na tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai tu.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati tuliitana citoyen, mwananchi, mpaka kwa muchuuzi wa karanga. Nilikuwa shofa wa Maman Nsimire, mufanyabiashara wa Muhumba mu Bukavu, mukali lakini wa haki. Alikuwa na duka kule Sange, mu bonde ya Ruzizi. Kila wiki nilishuka na kamyoneti imejaa sabuni na chumvi, nikarudi tupu. Rezervwari moja ya esanse, tangi moja ya petroli, ilitosha kwenda na kurudi, na ilibaki kidogo ya kumuonyesha maman. Miaka mitatu vile, bila neno.

Kisha wiki moja gari ikazimika Nyangezi, mbele ya kufika Bukavu. Esanse imekwisha. Wiki iliyofuata, vilevile. Unajua watu wanafanya nini shofa akiishiwa esanse? Hawaangalii mashini. Wanamuangalia yeye mikono. Maman akanunua kadenasi, akafunga kifuniko ya rezervwari, funguo akaifunga mu ncha ya kikwembe aliyojifunga kiunoni. Nikaenda, nikarudi, gari ikakufa Nyangezi palepale, na kadenasi iko nzima.

Ungefikiri ile kadenasi iliniokoa. Wapi. Kwetu Bagira walisema nimetoboa chini na kuingiza tiyo. Tiyo ni ule mupira wa kunyonyea esanse. Jina ikanishika: Papa Tiyo. Wananiita vile na muke wangu amesimama pale na ndoo yake ya maji. Iliniuma, sitakuficha. Baba yangu hakuniachia shamba wala nyumba, aliniachia jina ya mutu asiyeiba. Na maman akaniambia: "Nakupa safari mbili. Usipojua esanse inaenda wapi, utaleta funguo za gari, na kwa jandarme, kwa askari, utaeleza mwenyewe."

Nikapeleka gari Kadutu kwa fundi, muzee Bahati, mutu wa maneno machache. Akapuliza filtre ya hewa. Akainua magurudumu, akayazungusha kwa mukono: hakuna breki iliyoshika. Akalala chini kutafuta mahali inavuja: pakavu, na hakuna tundu. Mwisho akatoa buji zote, zile zinazowasha moto mu mashini, akazipanga kwenye kitambaa. Zilikuwa rangi ya kahawa ya maziwa.

"Angalia," akasema. "Kama shida ingekuwa karbirateri, ile inayogawia mashini esanse, hizi zingekuwa nyeusi. Mashini inaunguza vizuri. Gari hii haiko mugonjwa, mutoto yangu. Inachoka. Unaibebesha nini?"

"Narudi tupu, papa."

"Unarudi tupu," akasema. Akaanza kurudisha buji zake.

Neno yake ikanikaa mu kichwa. Nikakata fimbo ya mukaratusi, kipimo cha kuingia sawasawa kati ya gurudumu ya nyuma na bodi wakati gari haina kitu. Muzigo ukiwa ndani, gari inakaa chini na fimbo haiingii. Ni hesabu ya mutoto, lakini haidanganyi. Siku ya kurudi nikapima Sange: inaingia. Kamanyola: inaingia. Chini ya mulima wa Ngomo: inaingia. Unaijua barabara ya Ngomo? Udongo mutupu, kona juu ya kona, ukuta mukono huu, bonde mukono huu. Katikati kuna kona yenye kijito, pale mashofa wanasimama kutia maji mu radiateri. Nikasimama, nikapima: inaingia. Nikatia maji, nikapanda, nikawasha.

Lame za nyuma, zile springi zinazobeba bodi, zikaanza kulia. Kri. Kri. Moja, kisha ingine, pole pole, sawa watu wanaopanda bila kusukumana. Nikashuka na fimbo yangu. Ilikataa. Upana wa vidole vine ilikataa, na mu karoseri, kule nyuma kwa muzigo, hapakuwa hata na ganda ya muhogo.

Niliogopa? Niliogopa, sikatai. Na pale kijitoni nikakumbuka.

Wiki chache mbele ya esanse kuanza kuisha, mvua inanyesha, nilikuta muzee mumoja kwenye kona ile, koti imelowa, kofia mukononi. Nikasimama. "Panda, papa, nakufikisha Bukavu." Akasema: "Aksanti, mutoto yangu. Nangoja wenzangu, tuko wengi." Na mimi, kwa heshima tu, vile tunasemaka, nikamujibu: "Basi siku yoyote wakifika, pandeni tu. Gari ni yenu." Nikaenda zangu. Nani asiyesemaka vile? Unamuambia mugeni nyumba hii ni yako, na yeye hauzishi vitanda. Lakini mashofa wote wanajua kwamba chini mu bonde ile kuna mifupa ya lori iliyoanguka zamani na watu wa soko waliokuwa wanapanda Bukavu. Hata mimi nilijua. Siku ile ya mvua sikuwaza.

Gari ikakufa tena Nyangezi. Nilipofika, nikamuelezea maman yote. "Safari ya mwisho tunaenda wote," akasema. "Nitaona kwa macho yangu wewe na mashetani yako."

Tukaenda. Kurudi, alikaa kando yangu, rozari mu mukono, funguo ya kadenasi mu kikwembe. Kwenye kona ya kijito ukungu ulishuka mpaka sikuona ncha ya gari. Nikatia maji, nikarudi kukaa, tukasikia: kri, kri. Gari ikakaa chini. Maman akashika mulango. Na dirishani kwake akasimama yule muzee, koti inatiririka maji, na siku ile hapakuwa na mvua.

"Ninyi ni nani?" maman akamuuliza. Sauti yake haikutetemeka. Ule mama, nakuambia.

"Ni sisi wenye gari, maman," muzee akasema kwa adabu kabisa. "Shofa alitupatia."

Maman akanigeukia. "Ulisema?"

"Nilisema, maman."

Afazali angenipiga. Hasira ikanipanda, na hasira ni dawa ya woga, uamini ao usiamini. Nikashuka mu barabara, nikasimama mbele ya ule muzee.

"Papa, nisikie. Miye naitwa mwizi kwa ajili yenu. Gari hii haikuwa yangu siku ile na haiko yangu leo. Nilitoa kitu ya maman huyu. Neno ile naichukua, irudi mu kinywa changu. Ninachokupa ni kitu yangu: mikono hii, na safari moja, leo. Tukifika Bukavu munashuka wote."

Muzee akazungusha kofia yake mu vidole. "Kila mara tunafika," akasema. "Lakini hakuna mutu anatuambia tumefika. Tunarudi na gari mpaka hapa."

"Leo nitawaambia mimi."

Tukapanda Ngomo kwa vitesi ya kwanza, gia ya milima, mashini inalia, nyuma kimya. Nyangezi nikamwaga mu rezervwari bidoni yote ya esanse tuliyobeba. Sokoni Nyawera, jua bado iko, watu wamejaa, nikasimamisha gari, nikapanda juu ya karoseri tupu, nikapaza sauti sawa konvwayeri, ule anayeita abiria: "Bukavu. Mwisho wa safari. Citoyens, shukeni wote, tumefika." Wauza samaki wakacheka. Mumoja akasema Tiyo amelewa ile esanse. Nikaendelea kuita.

Lame zikalia tena, moja moja. Kamyoneti ikainuka polepole mbele ya macho ya maman. Nikachukua fimbo. Ikaingia.

Nikamufikisha maman kwake Muhumba. Pale mulangoni akasema: "Wewe siyo mwizi. Nimeona." Roho yangu ikatulia. Kisha akauliza: "Lakini siku ile ya mvua, gari uliyowapa ilikuwa ya nani?"

"Yako, maman."

Akanyoosha mukono. Nikamupa funguo za gari.

Jandarme hakuniita. Lakini kwa watu, maman alisema shida ilikuwa karbirateri. Alikuwa mama wa kanisa, angesema nini? Kwa hiyo mimi nikabaki Tiyo, mpaka leo, na nywele zimekuwa nyeupe. Sikunyonya hata tone moja. Nilisema siku ile, nasema leo, na ukinizika utanisikia nasema.

Sasa niko na gari yangu, kuukuu, na bado nasimamia wazee kwenye mvua. Hakuna mufu atakayenifundisha ubaya. Ila nawaambia: leo tu, mpaka Bukavu, na tukifika nawaambia tumefika. Na wewe unayeendesha gari ya mutu, funga kinywa chako mbele ya kufunga rezervwari. Fimbo yangu iko chini ya kiti. Niite Tiyo ukitaka, lakini pima kwanza.