Profesa wa Kabureta na Sindano ya Mkewe

Mtaa mzima ulimwita Profesa, na yeye hakuwahi kuukataa uprofesa huo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa ghala la vipuri. Alipostaafu, akaigeuza baraza ya nyuma, kati ya jiko na kamba ya nguo, kuwa hospitali ya kabureta za pikipiki. Kabureta tu. Ukimpelekea mnyororo, anakutazama kana kwamba umempelekea daktari wa macho kidonda cha mguu.

Kazi yenyewe aliifanya kwa madaha. Vipande vilipangwa kwenye trei nyeupe kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Aliviosha kwa petroli ndani ya bakuli la plastiki ambalo mkewe alishalikatia tamaa, kisha akashika jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia mafuta, na hotuba ikaanza: "Jeti haichokonolewi, inapulizwa! Tundu hili limepimwa kiwandani. Ukilitia waya, umelipanua, na pikipiki itabugia petroli kama ngamia."

Asubuhi moja shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa pikipiki ya abiria, akaja na yake inayozimikazimika. Profesa akaifungua kabureta, akainua jeti juani. Giza tupu. Akapuliza kwa pampu ya baiskeli; mpira wa pampu ukachanika. Akapuliza kwa mdomo hadi macho yakamtoka. Wapi!

"Shem, abiria wangu ananingoja," shemeji akalalamika mlangoni.

"Utaalamu haukimbizwi!" akajibu Profesa, huku mkono wake ukiwa umeshazama kwenye kikopo cha sindano kando ya cherehani ya mkewe.

Sindano iliingia nusu, ikagoma, akaisukuma. Kitu kikakwaruza. Sauti ilikuwa ndogo mno, lakini aliisikia hadi mgongoni. Akafunga kila kitu haraka, pikipiki ikawaka, shemeji akampigia saluti na kuondoka.

Siku tano baadaye pikipiki ilirudi inafuka moshi mweusi kama mtu kachoma tairi. Shemeji alikuwa na madereva wenzake wawili.

"Inakunywa mafuta kuliko mimi ninavyokunywa maji," akasema. "Profesa, si kabureta kweli?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini wale wawili walikuwa wamesimama wakingoja hotuba, na Profesa hakuwa na moyo wa kuwanyima.

"Kabureta iliyopita mikononi mwangu?" akacheka. "Nani mwingine ameigusa hii pikipiki?"

"Mkimya. Alirekebisha valvu juzi."

Profesa hakusema ni Mkimya. Alitikisa kichwa tu, polepole, kwa masikitiko, na kichwa kikamaliza kazi ambayo ulimi uliogopa kuianza. Kabla ya adhuhuri shemeji alishamtukana Mkimya, fundi kijana wa kando ya stendi, mbele ya kadamnasi. Wiki ilipokwisha, hakuna dereva aliyesimamisha pikipiki kwake hata kwa kuongeza upepo.

"Sindano yangu imepinda," mkewe akasema siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Halafu inanuka petroli."

"Labda…"

"Labda nini, baba? Imekwenda yenyewe kujaza mafuta?"

Profesa akajitia kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

Kesho yake alasiri, mtu akabisha hodi barazani. Alikuwa Mkimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja unisaidie. Zile valvu nimezirudia kichwani mara mia, sioni nilipokosea. Nimeomba niitazame kabureta, wamenicheka, wanasema hiyo imepita kwako. Kwa hiyo kosa ni langu. Ila silijui, mzee. Sasa hata nikikaza nati nasita. Nifundishe."

Laiti angekuja na matusi! Matusi Profesa angeyajibu. Lakini kijana amekaa chini, kwenye sakafu ya baraza, anangoja somo. Cherehani ndani ikanyamaza.

"Profesa," mkewe akaita kwa upole ambao haukuwa upole, "mgeni kauliza swali."

"Twende stendi," Profesa akasema.

Stendi ilikuwa imejaa, na hilo nalo alilistahili. Akasimama mbele ya shemeji yake, macho kwenye ncha za viatu vyake.

"Jeti niliichokonoa mimi. Kwa sindano. Mkimya hana kosa lolote."

Dereva mmoja akaanza kucheka, mwenzake akampiga kiwiko. Shemeji hakucheka.

"Siku ile uliponitikisia kichwa," akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Shemeji akamgeukia Mkimya. "Kaka, nilikuvunjia heshima mbele ya hawahawa. Nisamehe." Akamkabidhi ufunguo wa pikipiki. "Jeti mpya, uifunge wewe."

Mkimya akachuchumaa na kuanza kufungua. Madereva wakamzunguka. Profesa akabaki nje ya duara, hajui mikono aiweke wapi, mpaka Mkimya alipotoa kabureta na kumnyooshea kwa nyuma bila kugeuka.

"Mzee, nishikie."

Akaishika kwa mikono miwili. Petroli ikamdondokea viatuni, naye hakusogea.