Mihogo Chini ya Jicho

Mimi kukaa kitako siwezi. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo, na kila baada ya mistari miwili natoka nje kuangalia mawingu. Watu wanadhani ni tabia ya kuzaliwa. Si kweli. Naijua siku iliyonianzishia.

Kazi yangu hapa Kasulu ni kuangalia skrini. Mtandao mpya wa kasi ulipofika huku kwetu, ofisi ilifunga vihisio, vidude vya kupimia, kwenye njia mbovu zote, kuanzia Kibondo hadi vijiji vya Kitanga, ili gari la wagonjwa lijue pa kupita kabla ya kufika. Sisi tuliviita macho. Jicho la Kitanga lilikaa kwenye drifti, ile sakafu ya zege ambayo mto unapita juu yake. Tulisimika nguzo ya chuma ukingoni, juu yake sola, na mkono mmoja unaoning'inia juu ya maji. Kile kidude kinapima umbali tu, kutoka kwake hadi kilichoko chini. Maji yakipanda, umbali unapungua, na kwenye skrini yangu drifti inageuka nyekundu. Nyekundu maana yake zunguka. Mzunguko wenyewe ni wa vilima na mashimo, karibu saa tatu.

Kitanga ndiko nilikozaliwa, kwa hiyo jicho lile nilijiona kama nimelizaa mimi. Nilikuwa naogopa wezi. Kijiji kimoja cha upande wa Kibondo walishang'oa sola wiki ya pili tu. Basi siku ya mkutano wa kijiji nikasimama na koti langu la kazi, kifua mbele, nikasema: "Hiki kitu kinaona! Atakayekisogelea na tamaa zake, sisi kule Kasulu tunamwona mpaka meno."

Uongo mtupu. Lakini watu waliguna kwa hofu, nami nikafurahi. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele na kanga yake mpya. Akawageukia wenzake: "Mmesikia? Huyo ni mwanangu." Sola haikuguswa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi minane.

Ilikuwa kiangazi, saa nne asubuhi, simu ikalia kutoka zahanati ya Kitanga. Nesi akasema ana mama mjamzito, mtoto amelala kukingama, anahitaji upasuaji Kasulu haraka. Nikauliza jina, akanitajia jina la mdogo wangu. Mimba yake ya kwanza, baada ya miaka sita ya kusemwa na majirani. Nikampigia dereva papo hapo.

Dereva wetu ni mzee wa Kibondo, mtani wangu mkubwa, ananiita Dada Mitambo. Alipofika njia panda nikaangalia skrini. Drifti nyekundu. Nikamwambia azunguke.

"Dada Mitambo, jua hili linapasua mawe. Maji yametoka wapi?"

"Mvua inaweza kunyesha milimani."

"Milima naiona hapa, haina hata wingu la kufutia machozi. Niache nikachungulie, nikikuta maji narudi."

"Mzee, nyekundu ni nyekundu! Kwani unataka kuniulia mdogo wangu mtoni? Zunguka!"

Nilimfokea, tena mbele ya wenzangu. Akasema sawa mama, na kwenye skrini ile nukta ya gari ikakata kushoto. Alikuwa amenizidi miaka ishirini kazini, na mimi nilimfokea.

Nikaanza kutembea. Kutoka mezani hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Nje jua lilikuwa kali mpaka mabati ya soko yanametameta. Nikaja kwenye skrini, nyekundu. Nikarudi dirishani. Wenzangu wakasema kaa dada, unatutia kizunguzungu. Nikae vipi, jamani? Nukta ya gari ikafika kwenye mabonde, pale mtandao haufiki, ikazimika. Hapo ndipo nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo kabisa. Nikampigia mume wa mdogo wangu.

"Shemeji, maji ya drifti yamefika wapi?"

"Maji gani, shemeji? Nimevuka asubuhi hii kwenda dukani, hata soksi hazikulowa. Gari liko wapi? Huyu mwenzangu anaishiwa nguvu."

Nilimpigia dereva mara ngapi, sijui. Namba haipatikani. Nikatuma ujumbe, ukagoma kwenda. Nikatafuta gari jingine mjini, la kwanza bovu, la pili lilikuwa Kigoma, la tatu likapatikana, likaondoka. Lakini kabla halijafika drifti, nukta ya mzee ikawaka upya upande wa pili wa vilima. Alikuwa amekimbia kuliko nilivyowahi kuona. Alimpakia mdogo wangu akamleta Kasulu, lakini alikuwa amechelewa. Mdogo wangu alipasuliwa, akapona. Mtoto, wa kiume, alitolewa hapumui.

Siku ya tatu nilikwenda drifti na dereva. Siku hiyo hakuniita Dada Mitambo. Maji yalikuwa ya kulowesha nyayo tu. Chini ya jicho, wima kabisa, palikuwa na mawe yamepangwa, na juu ya mawe viroba vya mihogo iliyomenywa, kimoja juu ya kingine, cha juu kimefikia karibu na kidude chenyewe. Kwetu mihogo inalowekwa mtoni siku tatu, nne, ilainike, ndipo itolewe ichuje maji juu ya mawe, kisha ianikwe na kutwangwa. Na mtoni inaibwa. Sasa wanawake wangeiweka wapi, kama si chini ya jicho linaloona mpaka meno? Jicho nalo lilipima kiroba, likanipa habari kwamba mto umejaa.

Kiroba cha juu kilifungwa kwa kitambaa cha buluu. Nilikitambua kabla sijakishika. Ilikuwa sketi yangu ya shule ya msingi.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. Nilisimama palepale, safari hii bila koti. Nikasema kile kitu hakioni mtu, hakijawahi kuona mtu, kinapima umbali tu, na niliyewadanganya ni mimi. Nikawaomba wasiweke chochote chini yake. Sikutaja kiroba cha nani.  Mama akainuka. Alikuwa ameketi palepale mstari wa mbele, karibu na mdogo wangu aliyejitanda kanga mpaka usoni.

"Mwanangu," akasema, "mihogo ile niliiloweka kwa ajili ya unga wa mzazi. Niliiweka juu ya viroba vya wenzangu ili uione vizuri." Akaniangalia usoni. "Sasa siku ile, wewe ulikuwa unaona nini?"

Ningeweza kumdanganya tena. Neno moja tu, kwamba mtambo ulikuwa mbovu, na angeniamini, kama alivyoniamini mwanzo. Nikamtazama mdogo wangu, naye alikuwa amefunua uso ananisubiri.

"Niliona maji, mama."

Mama akakaa polepole, mkono umemshika mdogo wangu gotini. Mdogo wangu hakuuondoa mkono ule. Mimi ndiye hajanisemesha hadi leo.

Shamba la mama lina mihogo mpaka inaoza ardhini. Kila siku ya gulio anapanda bodaboda hadi Kasulu, anapita mlangoni kwangu, na kununua unga wa muhogo.