Bomba Lililowapelekea Wagalu Watu

Ukipita Somanda, hapa Bariadi, leo ukasikia watoto wanaimba habari za Shija na pikipiki, Shija ni mimi na aibu ni yangu, sikatai. Ila lawama zote si zangu, na hilo ndilo limenikalisha chini niandike, ingawa naandika polepole na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa sababu kusema mbele za watu siwezi, wakinitazama wawili tu ulimi unakauka.

Nafanya kazi kwenye karakana ya kuchomelea ya Fundi Maduhu. Niseme ukweli, wakati ule nilikuwa nakata na kusugua nondo za madirisha tu, kuchomelea alikuwa anachomelea yeye. Baada ya mavuno, ngoma zikiwa zimepamba moto, akaja Limbu, manju anayeongoza ngoma ya Wagika. Kwa asiyejua mambo ya huku kwetu, Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma, na siku ya mashindano vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila chama upande wake, na watazamaji wanahama wanavyotaka, upande uliojaza watu ndio umeshinda. Kwa hiyo kila manju anatafuta kioja cha kuvuta watu, huyu analeta nyoka, yule analeta fisi. Limbu alitaka kuingia na pikipiki yake ya zamani, injini ya tustroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, lakini ekzosi ilikuwa imeoza kwa kutu.

Fundi Maduhu akamwambia atamwekea kipande cha bomba la maji na kelele atapata za kutosha. Mimi nikasema chinichini, macho yakiwa kwenye grenda, kwamba bomba la maji litaiua injini, maana ekzosi ya tustroki lazima itanuke katikati kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba halafu ibane tena mwishoni, moshi ukigonga pale panapobana unarudishia injini petroli iliyotaka kutoroka, na urefu ukikosewa kidogo tu, nguvu inahama. (Haya nilikuwa nimeyasoma kwenye simu miezi mingi, sikuwa na wa kumwambia.)

Limbu akasogea karibu. "Ng'wanone, mwanangu, tumbo hilo unaweza kulitengeneza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Fundi Maduhu akacheka, akasema mbele yake kwamba bomba hilo likivuta, kuanzia siku hiyo ekzosi zote zitakazoingia karakana ni kazi yangu na nondo atasugua mwingine. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kuliko kitu chochote Bariadi nzima.

Kuna programu ya kompyuta ya bure, unaipa vipimo vya injini, ukubwa wa silinda na tundu la kutolea moshi lilivyo, yenyewe inakupigia hesabu na kukuchorea vipande vya tumbo vikiwa vimekunjuliwa, kama sketi iliyofumuliwa, wewe unakata bati, unakunja, unachomelea. Niliifanyia steshenari ya karibu, kwa jamaa anayetoa kopi na kupiga picha za pasipoti, siku tatu, saa ya chakula. Michoro ilitoka ya karatasi kubwa na mashine yake ilikuwa ya karatasi ndogo, hivyo nikamwelekeza kila mchoro autoe nusu kwa nusu, nitaunganisha kwa gundi. Akasema sawa.

Nikarudi jioni nikakuta kurasa sita safi, kila mchoro mzima katika karatasi moja. Nikaona ni midogo. Rula ilikuwa mfukoni, na pembeni ya kila mchoro kulikuwa na mstari wa kupimia wa sentimita kumi, uliowekwa kwa kazi hiyo tu. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mama watatu wenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mmoja akaguna. Nikalipa nikatoka. Huo ndio uamuzi wenyewe, mguno mmoja, basi.

Kukata nilikata vizuri, kuchomelea nilichomelea kwa mikono yangu kwa mara ya kwanza, na tumbo likang'aa hata Fundi Maduhu akaanza kuwaambia wateja kwamba "tulipiga hesabu mimi na kijana wangu". Mdomo wa bomba ulipokataa kuingia kwenye injini nilisema moyoni kwamba kompyuta haikosei, ni kutu imepanua pale pa zamani, nikautanua kwa nyundo. (Mnaruhusiwa kucheka hapa.) Tukaiwasha ikiwa kwenye stendi, nikapiga resi, ikalia mlio mkali mwembamba mpaka bodaboda wakasimama njiani. Nikaomba niiendeshe kidogo. Limbu akakataa, akasema Wagalu wana watu wao kila kona, wataiga, kwa hiyo ikafunikwa turubai mpaka siku yenyewe.

Siku yenyewe nilipanga kukaa nyuma ya watu. Limbu akafika na manyoya kichwani na mkia wa nyumbu mkononi, akasema yeye mikono yake ni ya kucheza, aliyetengeneza bomba ndiye ataendesha pikipiki, yeye atakaa nyuma. Wakanifunga njuga miguuni. Mimi, ninayeshindwa kuomba chenji dukani.

Tukaingia. Uwanja umejaa, watu wetu wanapiga vigelegele, na pikipiki haivuti. Inakohoa, inasogea hatua mbili, inataka kuzima, mtoto mmoja anatembea pembeni yetu na kutupita. Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Limbu akaniinamia sikioni akasema taratibu, "Shija, usiniaibishe." Nikashika klachi, nikapiga resi mpaka mwisho, ule mlio ukapanda, nikaachia.

Nguvu zote zilizokosekana kwenye resi ya chini zilikuwa zinatusubiri kule juu. Gurudumu la mbele likainuka, Limbu akaondoka mgongoni kwangu na kukaa vumbini na manyoya yake, na mimi nikakata uwanja mzima huku njuga zinalia, nikavuka hadi upande wa Wagalu, wakanipisha, nikaangusha ngoma zao mbili na injini ikazima katikati yao. Manju wao, mzee mnene mwenye miwani ya jua, akanitazama.

"Mwadila, fundi," akanisalimia. "Karibu kwetu."

Nami kwa adabu niliyolelewa nayo nikajibu, "Mwadila."

Hapo ndipo nilipogeuka nikaona watu wanakuja. Wote. Waliokuwa kwetu wamekimbia kuja kunitazama, na upande wa Wagika amebaki Limbu anajikung'uta na wapiga ngoma wake. Manju wa Wagalu hakungoja hata ngoma zisimamishwe, alitunga palepale wimbo wa kumshukuru Shija aliyewasombea watu kwa pikipiki bila nauli, na uwanja ukaitikia. Tukashindwa. Yaani Wagalu niliwashindisha mimi.

Fundi Maduhu, yule wa "tulipiga hesabu", alikuwa wa kwanza kusema alinikataza. Nikarudishwa kwenye nondo. Nikapima ule mstari: sentimita saba. Nikaenda steshenari na karatasi, nikamwonyesha yule jamaa. Hakuinua hata kichwa.

"Ilikuwa inakatika, nikaipunguza ienee. Nimekusaidia, dogo."

Amenisaidia. Bomba halikufika hata robo tatu ya urefu wake! Bomba lililofupishwa hivyo linaamkia juu kabisa, chini linalala, na programu ilikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi, isipokuwa pale kwenye foleni.

Nikaenda kwa Limbu mwenyewe. Tangu aanguke alikuwa anakaa kwa upande. Nikamwambia nataka kulirudia, bati nitanunua mimi, akasema chukua pikipiki. Safari hii nilisimama kaunta nikapima kila ukurasa, watu wakaguna, nikapima tena. Bomba la pili linavuta tangu chini, linapanda mlima na watu wawili na gunia la pamba, na Limbu anaendesha kwa mkono mmoja. Fundi Maduhu alilijaribu kimya kimya, akanirudishia funguo, na kesho yake akampa mwingine nondo. Anawaambia wateja kwamba la kwanza lilitengenezwa na Shija, hili tulitengeneza sisi.

Sitatoka tena kaunta bila kupima, hata wakiguna hadi jioni. Lakini bomba la pili lina miezi minne barabarani na halijakohoa hata mara moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyelitungia wimbo.